Kutangulia Si Kufika: Safari za Familia Zinapogeuzwa Mashindano

Tangazo linaposema kwamba safari ya baiskeli ni ya familia, linatoa ahadi. Linamwambia mama aliyeazima baiskeli kwa jirani, mtoto wa miaka 10 na mzee ambaye hajakanyaga pedali tangu astaafu kwamba barabara ya siku hiyo ni yao pia. Anayevunja ahadi hiyo mara nyingi si mtu mbaya. Ni mwendeshaji hodari, mwenye baiskeli nyepesi na miguu iliyozoea vilima, ambaye dakika chache baada ya kuondoka huongeza kasi. Wenzake wawili watatu humfuata ili wasionekane wanyonge, na waliobaki hujikuta wanafukuzia msafara walioalikwa kuwa sehemu yake. Miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Nyeri hadi Naro Moru na Nanyuki, ina watu wengi wanaotaka kuanza kuendesha baiskeli kwa afya na burudani. Ikiwa tunataka waanze na waendelee, hatuna budi kukubaliana kwamba anayegeuza safari ya familia kuwa mbio hakosi adabu tu. Anawanyang'anya wengine kitu walichoahidiwa, na pamoja nacho anapoteza waendeshaji wa kesho.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa kwa sababu ya ardhi yenyewe. Nyeri iko kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na mito kama Chania na Gura imechimba mabonde yanayoilazimisha barabara kushuka na kupanda tena na tena. Anayetoka Othaya kwenda Nyeri analijua hilo kwa magoti yake. Juu ya hayo, Nanyuki iko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Kwenye tambarare, mwendeshaji dhaifu anaweza kukaa nyuma ya mwenzake, akakingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi. Kwenye mwinuko mkali kinga hiyo haisaidii kitu, kwa kuwa kinachomzuia si upepo bali uzito. Mtu mzima wa kilo 80 mwenye baiskeli ya kilo 8 anabeba sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 aliyepewa baiskeli ya chuma ya kilo 15 anasukuma nusu ya uzito wake mwenyewe. Tukimwambia mtoto huyo ajitahidi zaidi, tunamdai nguvu ambazo mwili wake hauna.

Tofauti hiyo huzaa umbali upesi kuliko watu wanavyodhani. Anayepanda kwa kilomita 16 kwa saa na anayepanda kwa kilomita 8 wakianza pamoja, baada ya nusu saa wametengana kwa kilomita 4. Hapo hakuna tena msafara. Kuna watu waliotawanyika barabarani, kila mmoja na lake, huku matatu na malori yakiwapita. Dereva anayekuta kundi la watu 20 lililoshikana huliona kwa mbali na hupunguza mwendo. Anayekuta mtoto mmoja ukingoni mwa lami, kwenye kona, huenda asimwone mpaka amemfikia. Kwa hiyo anayekimbia mbele huondoka na ulinzi ambao wingi wa watu huwapa walio dhaifu, hata kama yeye mwenyewe amefika salama.

Wengi wa hao wenye kasi watajibu kwamba wao husubiri juu ya kilima. Ni kweli, na ni heri kuliko kutosubiri kabisa. Lakini tuangalie kinachotokea pale juu. Aliyefika kwanza amepumzika dakika 15, amekunywa maji, amepiga picha. Wa mwisho anapofika akihema, wote huruka juu ya baiskeli zao na kuondoka, maana wao wako tayari. Aliyechoka kuliko wote ndiye anayepata mapumziko mafupi kuliko wote, na kilima kinachofuata humkuta akiwa hoi zaidi. Hali hii ikijirudia mara tatu au nne, mtu huyo hurudi nyumbani akiamini kwamba baiskeli haimfai. Kumbe kilichomshinda ni mpangilio wa safari, wala si baiskeli. Kumsubiri mtu maana yake ni kumpa nafasi ya kupumzika sawa na uliyoipata wewe.

Eneo hili halihitaji kufundishwa hekima hiyo kutoka mbali, kwa sababu kazi moja maarufu ya hapa imejengwa juu yake. Waongozaji wanaowapandisha wageni Mlima Kenya kwa njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria huwasisitizia kwenda polepole, na mwongozaji mzuri hupanga mwendo wa kundi kwa kumwangalia aliye mnyonge zaidi. Wanajua kwamba anayekimbilia kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, anaweza kuangushwa na ugonjwa wa mwinuko hata kama ni kijana mwenye misuli ya chuma. Hakuna anayewadharau kwa kwenda taratibu. Tunawaheshimu kwa sababu wanaondoka na watu kumi na kurudi na kumi. Kipimo hichohicho ndicho kinachofaa kwa safari ya baiskeli ya familia: wangapi walioanza wamemaliza, na wangapi kati yao wanataka kurudi.

Historia ya baiskeli nayo inaonyesha kwamba mbio na safari ya pamoja ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina heshima yake. Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, ndiye aliyeanzisha Ufaransa safari za Audax mwaka uliofuata, akiiga mfano uliotoka Italia. Katika safari hizo waendeshaji husafiri kama kundi moja chini ya nahodha, kwa mwendo uliopangwa ambao kwa desturi ni kilomita 22.5 kwa saa, na hakuna anayeruhusiwa kumpita nahodha huyo. Mtu aliyeanzisha mashindano makali kama yale aliona pia haja ya safari isiyo na mshindi. Misafara ya Critical Mass iliyoanzia San Francisco mwaka 1992, na ambayo Nairobi nayo imekuwa nayo, hufuata roho hiyohiyo ya wengi kwenda pamoja.

Yapo mapingamizi yanayostahili jibu. La kwanza husema kwamba Kenya ni nchi ya wanariadha, na kwamba tukiwazuia wenye kasi tutaua vipaji. Mfano wa Chris Froome unaonyesha kinyume chake. Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alijifunza mengi akiwa kijana mdogo kwa David Kinjah, mwendeshaji aliyeiwakilisha Kenya kimataifa na aliyeanzisha kundi la Safari Simbaz huko Kikuyu. Kinjah alikuwa na nguvu za kuwaacha wavulana wale wote nyuma. Badala yake alitoka nao barabarani, akawafundisha kutunza baiskeli na kuwajengea uvumilivu kidogokidogo. Bingwa alipatikana kwa sababu hodari mmoja alikubali kwenda na wanafunzi. Kipaji cha mtoto anayeachwa kilimani siku yake ya kwanza hatutakijua kamwe.

Pingamizi la pili ni kwamba kwenda polepole mno humchosha aliyezoea kasi, na kwamba baiskeli inayopanda kilima kwa mwendo wa kobe huyumba. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Ndiyo maana hatusemi kila mtu aende kwa mwendo mmoja kila hatua. Mwenye nguvu anaweza kupanda kilima kwa mwendo wake, kisha akageuza, akashuka hadi kwa wa mwisho na kupanda naye tena. Atakuwa amefanya mazoezi mara mbili, na mtu mmoja hatakuwa ameachwa peke yake. Anayetaka kupima nguvu zake kikweli ana mahali pake pia. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya kuna 10to4, tukio la baiskeli za milimani linaloandaliwa na Mount Kenya Trust kuchangia uhifadhi. Katika riadha, hifadhi ya Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, imekuwa na marathoni tangu mwaka 2000, na watoto huwekewa mbio zao fupi. Hakuna mwanariadha wa kilomita 42 anayejivunia kuwashinda watoto wale.

La tatu ni la uhuru: barabara ni ya wote, na mtu mzima hapangiwi mwendo. Ni sawa, na siku sita za juma uhuru huo hauguswi na mtu. Lakini anayeitikia mwaliko amekubali pia masharti yake. Anayekuja kwenye safari ya familia amechagua kuwa sehemu ya familia hiyo kwa saa chache, na akiona sharti hilo ni zito, njia ya haki ni kuondoka mapema na kundi lake, wala si kuliburuta kundi la wengine.

Mzigo huu hata hivyo usiachiwe waendeshaji peke yao, kwa sababu vurugu nyingi huanza na waandaaji wasiosema wazi wanachokiandaa. Tangazo litaje urefu wa njia, vilima vyake na mwendo unaotarajiwa. Pakiwa na watu wengi, yawepo makundi mawili yanayoondoka kwa nyakati tofauti, ili mwenye kasi asione haya na mgeni asione hofu. Kila kundi liwe na kiongozi asiyepitwa na mfungaji wa msafara asiyepita mtu, na huyu wa nyuma abebe pampu, viraka na maji. Muda wa kupumzika uhesabiwe kuanzia anapofika wa mwisho. Wapewe kazi hizo wale hodari, kwani ndio wenye pumzi ya kupanda na kushuka na jicho la kuona gia inayoruka au breki iliyolegea kabla haijaleta ajali. Na wewe unayejijua kwamba una miguu ya kushinda, safari ijayo ya familia kutoka Nyeri, Karatina au Nanyuki, omba nafasi ya nyuma. Mbio zako zitakusubiri kesho yake. Mtoto aliyekata tamaa leo huenda asirudi tena.