Papa Ako Hapo Chini na Doh Ushalipa: Uingie Maji ama Usare?

Cheki hii. Mbogi imechanga doh miezi mitatu, mmeshuka Coasto na SGR, mmevuka feri Likoni mpaka Diani, na leo ndio ile siku ya kupiga mbizi na mitungi mgongoni. Boti imefika penye mnafaa kuingilia. Nahodha anaambia mwalimu wenu kuna papa ameonekana hapo asubuhi. Boti yote kimya. Halafu yule msee wa mdomo anaanza, "Aii, wewe, usiniambie umeingiza baridi!"

Hapo ndio watu huamua vibaya, na ni pande zote mbili. Kuna mwenye ataingia juu hataki kuchekwa. Kuna mwenye atakataa juu ya ile muvi ya Jaws ya 1975, hata kama papa mwenyewe ni wa kula vijidudu. Wote wawili hawajauliza swali hata moja kuhusu maji yenye yako mbele yao. Wacha tuyaulize.

Namba zinasema nini

Kuna watu Florida, Marekani, kazi yao ni kuandika kila kisa cha papa kuuma binadamu dunia nzima. Mwaka wa 2024 walihesabu visa 47 vya mtu kuumwa bila kumchokoza papa. Kati ya hao, walioaga ni 4. Dunia mzima, mwaka mzima. Na wengi wa kuumwa huwa ni watu wa kuteleza na mawimbi na waogeleaji wa juu, wa kupiga mbizi na mtungi ni wachache sana.

Sasa linganisha na hapa kwetu, penye barabara zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Kwa hivyo kama mlishuka Mombasa usiku na dere wa kukimbizana na malori, ile hatari kubwa ya trip mshapita nayo.

Lakini usichukue hizo namba ukaruka maji mbio. Hesabu ya dunia mzima haijui boti yenu imesimama wapi leo. Inakuambia usiogope bahari. Haikuambii kama haya maji, hii saa, yako poa.

Swali la kwanza: ni papa gani?

"Kuna papa" ni kama kusema "kuna mnyama". Ni digidigi ama ni simba? Kuna aina zaidi ya 500 za papa, na wengi hawana shughuli na wewe.

Huku Pwani, msee akisema ameona papa mkubwa sana, inaweza kuwa ni papa shillingi. Huyo anapita mita 10, lakini chakula yake ni vijidudu vya baharini na samaki wadogo. Wazee wa Pwani walimpa hilo jina juu ya madoadoa meupe yake, ati Mungu alifurahi naye akamrushia shilingi mgongoni. Watu hulipa pesa nzuri kumwona. Sheria ni moja: usimguse, usimzuie njia, na kaa mbali na mkia, juu mkia wa samaki wa tani kadhaa si mchezo.

Halafu kuna papa wadogo wa kwenye miamba, wale wa ncha nyeupe ama nyeusi kwa mapezi. Wa ncha nyeupe mchana hulala chini ya mwamba kama mlinzi wa ploti. Ukimwacha, anakuacha.

Wenye wanafaa kukufanya usimame ufikirie ni watatu: great white, tiger shark na bull shark. Hao ndio wameua watu wengi kushinda wengine. Kama mwalimu anasema ni mmoja wa hao, ama kama hajui ni gani na hataki kuulizwa, hiyo tayari ni jibu.

Swali la pili: maji yanakaa aje?

Papa wengi huuma kwa makosa, na makosa hutokea penye haoni vizuri. Wakati wa mvua, mto Sabaki humwaga matope baharini mpaka maji ya Malindi yanakaa chai ya maziwa. Bull shark hasa hana shida na maji kama hayo. Kama hauoni mwenzako mita chache mbele, papa pia hakuoni, anasikia tu kitu inasonga. Ndio maana watu wa mbizi hupenda msimu wa kaskazi, kama Disemba mpaka Machi, maji yakiwa safi. Pia wacha kuingia alfajiri na jioni jua likizama, hizo ni saa zake za kutafuta chakula.

Angalia pia kama kuna mlo hapo karibu. Wavuvi wanatoa matumbo ya samaki? Kuna mtu anachoma samaki na mkuki? Ama boti yenyewe inarusha nyama ndio papa waje wateja wapate picha? Mwisho wa 2010, kule Sharm el-Sheikh, Misri, watalii watano walishambuliwa ndani ya siku chache na mmoja, Mjerumani, akafa. Wataalamu walipochunguza, walitaja watu kulisha samaki na mizoga ya kondoo iliyotupwa baharini na meli. Papa akizoea kwamba binadamu ni chakula inakuja, tabia yake inabadilika.

Swali la tatu: wewe mwenyewe uko aje?

Hii ndio watu huruka, na ndio kubwa. Ukiwa mita 10 chini, presha ni mara mbili ya juu. Ile hewa uko nayo kifuani, ukiibeba mpaka juu bila kutoa pumzi, inapanuka mara mbili. Mapafu yanaweza kupasuka. Sasa fikiria msee ameona papa, akashika pumzi, akapiga teke kuelekea juu mbio. Papa hata hajamgusa, na tayari ako kwa shida ya kuua mtu.

Kwa hivyo jiulize: nikiona kitu ya kunishtua, nitaendelea kupumua polepole? Kama ni mara yako ya kwanza na mwili unatetemeka hapo kwa boti, chini haitakuwa rahisi.

Ukiingia na umwone

Tulia. Usimfukuze ju ya picha. Kaeni pamoja, migongo kwa mwamba, macho kwake, kwa sababu papa hapendi kuonekana. Mkono uliosimama kichwani kama pezi maana yake ni "papa". Na chunga: dole gumba juu huko chini si "fiti", ni "tupande juu". Akianza kuzunguka karibu zaidi, mgongo ameukunja na mapezi ya kando ameyashusha chini, anakuambia utoke. Toka, lakini pole pole, ukipumua.

Sasa, uingie ama usare?

Kama papa anajulikana na si wa wale watatu, maji ni safi, hakuna mlo majini, na wewe umetulia, ingia. Utaona kitu wasee wengi hawatawahi kuona. Kama moja ya hizo imekosa, baki kwa boti.

Na kuna sheria ya wapiga mbizi wa dunia mzima: mtu yeyote anaweza kusare wakati wowote, kwa sababu yoyote, na hakuna mtu anafaa kumuuliza. Hata kama mshavaa kila kitu. Mwalimu mwenye anacheka mteja ameogopa, huyo hajui kazi.

Shida ni doh. Ukishalipa, ile pesa inaanza kukusukuma ndani kushinda hata yule msee wa mdomo. Kwa hivyo kabla utume M-Pesa, uliza swali moja: "Tukisare juu ya hali ya maji, tunarudishiwa ama tunapewa siku ingine?" Wakisema ndio, siku ikifika utaamua na kichwa. Wakianza kuzunguka, peleka mbogi kwa boti ingine.