Kabla Memori Kadi Haijafa: Kuhamishia Kumbukumbu za Gemu katika Kompyuta

Mlaji anayenunua PlayStation 2 iliyotumika, iwe ni Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya, iwe ni Miyomboni mjini Iringa, ananunua mashine ambayo kiwanda chake kiliacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013. Mashine yenyewe ni imara, na fundi hodari huweza kuifufua mara nyingi: lenzi hubadilishwa, feni husafishwa, padi hupatiwa waya mpya. Kisichofufuliwa ni kile kilichoandikwa ndani ya memori kadi. Ligi iliyochezwa misimu kumi na miwili, timu iliyojengwa mchezaji mmoja mmoja, majina na jezi za Simba, Yanga, Mbeya City na Lipuli ambazo kijana amekaa majuma mawili akiziandika herufi kwa herufi, vyote hivyo hukaa katika kipande cha plastiki kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Kikifa, vimekwenda navyo.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya watoto. Hatukubaliani nao. Mwenye kibanda cha gemu hutoza wateja kwa muda au kwa mechi, na mteja hurudi kesho kwa sababu ligi yake iko pale. Ligi ikipotea, mteja huhamia kibanda cha jirani. Hata katika nyumba ya kawaida, saa mia mbili za mtu ni mali yake, na mali hutunzwa. Katika makala haya tunaita "kumbukumbu" kile ambacho wachezaji hukiita sevu, na tunaeleza jinsi ya kutengeneza nakala ya akiba katika kompyuta, pamoja na mambo ya kuangalia unaponunua kadi au unapompa fundi kazi hiyo.

Kadi hufa kwa njia tatu zilizo wazi. Ya kwanza ni umeme. Mashine inapoandika kumbukumbu, skrini huonya kwamba isizimwe wala kadi isichomolewe. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha katika sekunde hizo chache, kumbukumbu hubaki nusu, na mara nyingine orodha nzima ya kadi huharibika. Katika miezi ya masika, ngurumo na radi zinapotanda juu ya Mbeya na Iringa, hatari hiyo huongezeka. UPS ndogo inayoshikilia mashine na televisheni kwa dakika tano inatosha kumaliza kuandika na kuzima kwa utulivu. Stabilaiza peke yake haitoshi, kwa kuwa hurekebisha umeme uliopo lakini haitoi umeme uliokatika. Njia ya pili ni uchakavu wa miguso ya kadi, vumbi la kiangazi na unyevu wa masika vikiusaidia. Ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayomwumiza mlaji zaidi, ni kadi bandia.

Kadi halisi ya PlayStation 2 iliyotolewa na Sony ina ukubwa mmoja tu unaojulikana na wengi: megabaiti 8. Kadi zilizoandikwa 16, 32, 64 au 128 zimetengenezwa na wengine. Si zote mbaya, lakini nyingi hufanya hila ya ndani ili mashine izikubali, na hapo ndipo kumbukumbu huharibika, hasa kadi inapokaribia kujaa. Ushauri wetu ni kununua kadi mbili za 8 badala ya moja ya 64. Tena muuzaji akubali ujaribu kabla ya kulipa: ingiza kadi, andika kumbukumbu, zima mashine, chomoa kadi, irudishe, kisha ifungue. Kadi ikipita hapo, rudia mara ya pili. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano amekwisha kukujibu.

Nakala rahisi kuliko zote haihitaji kompyuta. Washa PlayStation 2 bila diski, ingia katika orodha ya kadi, chagua kumbukumbu moja, na uinakili kutoka tundu la kwanza kwenda kadi iliyo katika tundu la pili. Zipo kumbukumbu chache ambazo mtengenezaji wa gemu alizifunga zisinakiliwe. Hizo zitakataa, na si kosa la kadi yako. Mwenye gemu za PlayStation ya kwanza ajue pia kwamba kadi yake ya zamani, yenye nafasi 15, husomwa na PlayStation 2, na kumbukumbu zake zaweza kuwekwa akiba katika kadi ya megabaiti 8. Lakini ili zichezwe ni lazima zirudishwe kwanza katika kadi ya zamani.

Hata hivyo, kadi mbili zinazokaa droo moja huibwa pamoja na huungua pamoja. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na soko la SIDO la jijini humo limepata kuungua zaidi ya mara moja. Ndiyo maana tunasisitiza nakala moja iwe nje ya jengo lilipo gemu, na hapo kompyuta inakuwa na faida yake.

PlayStation 2 haikuwekewa na kiwanda njia ya kupeleka kumbukumbu katika flashi, ingawa ina tundu la USB upande wa mbele. Pengo hilo limezibwa na wapenzi wa mashine hiyo. Programu ya Free McBoot, ikiwekwa ndani ya memori kadi, huiwezesha mashine kufungua programu nyingine, na mojawapo ni uLaunchELF, ambayo kazi yake ni kupanga na kunakili mafaili. Mafundi wengi wa gemu wanazijua. Free McBoot haifanyi kazi katika baadhi ya mashine nyembamba za mwisho, zile ambazo namba yake ya chini huanza na SCPH-9000; mlaji aisome namba hiyo kabla ya kulipia kadi yenye programu hiyo.

Flashi iwe ya gigabaiti 32 au chini ya hapo, na iwe imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32. Flashi kubwa zinazouzwa sasa huja na mfumo wa exFAT, nazo mashine huenda isizione. Ndani ya uLaunchELF, mc0 ni kadi ya tundu la kwanza, mc1 ni ya tundu la pili, na mass ni flashi. Ingia mc0, simama juu ya folda ya gemu unayoitaka, bonyeza R1 na uchague Copy. Toka, ingia mass, bonyeza tena R1, kisha chagua psuPaste. Amri hiyo hufunga folda nzima katika faili moja lenye kimalizio cha .psu. Usitumie Paste ya kawaida katika hatua hii, maana folda itafika ikiwa imevuliwa baadhi ya maelezo yake, na siku ya kuirudisha gemu inaweza kuikataa. Subiri kwa uvumilivu, kwa sababu tundu la USB la mashine hii ni la kizamani na lina mwendo wa kobe. Kurudisha ni kinyume chake: nakili faili la .psu kutoka mass, kisha fanya psuPaste ndani ya mc0.

Majina ya folda yatakushangaza mara ya kwanza. Hayasomeki kama jina la gemu bali kama namba ya gari: BESLES kwa diski za Ulaya, BASLUS kwa diski za Marekani, kisha tarakimu. Namba hizo zina maana kwako. Kumbukumbu ya gemu ya soka uliyoichezea kwenye diski ya Ulaya kwa kawaida haitatambuliwa na diski ya Marekani ya gemu hiyo hiyo, kwa hiyo diski ikiharibika tafuta nyingine yenye namba ile ile. Andika namba hiyo na jina la gemu kwa kalamu ndani ya daftari. Miaka miwili ikipita hutaikumbuka.

Faili likishafika katika flashi, lipeleke katika kompyuta siku hiyo hiyo. Flashi si ghala. Mlaji asiye na kompyuta nyumbani anaweza kutumia ya jirani au ya duka la intaneti, ila aangalie virusi: vipo vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Kwa kuwa kadi nzima iliyojaa haifikii hata megabaiti 8, njia nyepesi ni kujitumia mafaili kwa barua pepe yako mwenyewe. Kifurushi kidogo cha intaneti kinatosha, na nakala itakaa mbali na kibanda, mbali na moto na mbali na mwizi.

Mashine nyingine hazina usumbufu kama huu. PSP ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB hufunguka kama flashi. Kumbukumbu zote zimo katika folda la SAVEDATA ndani ya folda la PSP, nalo hunakiliwa lote kwa mara moja. Wanaocheza gemu hizo katika simu kwa programu ya PPSSPP wanalo folda la namna hiyo hiyo, na walinakili kabla ya kufuta programu au kubadili simu, kwa kuwa folda linaweza kufutika pamoja na programu. PlayStation 3 ina sehemu ya kusimamia kumbukumbu inayokubali kunakili kwenda flashi ya FAT32, isipokuwa zile zilizofungwa.

PlayStation 4 nayo hunakili kwenda flashi kupitia mipangilio yake, lakini kumbukumbu zake zimefungwa kwa akaunti ya mchezaji. Hapa tunaomba mlaji awe macho. Fundi anapokuuzia mashine iliyotumika akiwa ameifungulia akaunti kwa jina lake na nywila yake, nakala zako zote zitakuwa zimefungwa kwa akaunti yake. Fungua akaunti yako mwenyewe, kwa barua pepe yako, kabla ya kucheza mechi ya kwanza.

Kaseti za gemu za zamani zaidi, kama zile za Game Boy, zina jambo lao. Nyingi hushikilia kumbukumbu kwa betri ndogo ya duara iliyochomelewa ndani, na betri ikiisha kila kitu hufutika, hata kama kaseti inaendelea kucheza vizuri. Kifaa cha kusoma kaseti kwa kompyuta kipo lakini ni cha kuagiza kutoka nje. Usimkubali fundi anayebadilisha betri kabla ya kukuambia waziwazi kwamba kumbukumbu zinaweza kupotea.

Na unapompa fundi kazi ya kutengeneza nakala, mkubaliane mambo manne kabla hajagusa mashine: kadi ipi inanakiliwa, gemu zipi zimo, nakala utaipokea katika kifaa gani, na nani atagharamia kadi ikiharibika mikononi mwake. Yaandikwe hata kwenye karatasi ya kawaida, kila mmoja atie sahihi. Siku ya kuchukua, fungua kumbukumbu moja mbele yake. Tunaongeza neno kuhusu mipaka: kunakili kumbukumbu ulizozicheza mwenyewe ni jambo moja, kunakili diski ya gemu ni jingine, nalo linagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Fundi asikuuzie la pili kwa jina la la kwanza.

Dai risiti ya EFD kwa kadi na kwa kazi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora au asili ya bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa zinazobeba alama isiyo yao. Kadi iliyouzwa kuwa ni ya Sony nayo si ya Sony inaangukia hapo. Mweleze kwanza muuzaji, ukimpa nafasi ya kubadilisha au kurudisha fedha. Asipofanya hivyo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani kwa maandishi. Ambatisha nakala ya risiti, picha ya kadi pande zote mbili, na kifungashio chake kama hujakitupa.