Wazazi, tuwajibu watoto wetu juu ya rangi ya ngozi

Katika Kakanda, upande wa Likasi, watoto wanaona malori ya migodi ya shaba na kobalti yakipita kila siku. Wanaona pia kwamba wakubwa wengi wa makampuni wametoka nchi za mbali. Siku moja mtoto atauliza: "Papa, kwa nini bosi si mweusi kama sisi?"

Wengi tunamwambia anyamaze. Lakini mtoto aliyenyamazishwa anajitafutia jibu mwenyewe, na mara nyingi anafikiri kwamba mtu mweusi hana akili ya kutosha.

Tumwambie ukweli. Wakati wa Wabelgiji, mwanaume mwenye mke na watoto, akifanya kazi katika nyumba ya mzungu, aliitwa "boi", neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume. Fimbo ilitumika juu ya watu wazima. Masomo ya juu yalifungwa kwa muda mrefu: Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilifunguliwa mwaka 1954, miaka sita tu mbele ya uhuru. Basi haikuwa akili iliyokosekana. Mlango ulifungwa.

Lakini tusimpe mtoto huzuni peke yake. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma huko Likasi na Lubumbashi wakidai mishahara bora. Askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa ajili ya wenzake, aliuawa Lubumbashi. Mtoto ajue kwamba wazee wetu walijua thamani yao.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Katika nyumba zetu, nani anamwambia mtoto "mweusi kama makaa"? Nani anamsifu yule mweupe kidogo kuliko ndugu yake? Mama akijipaka dawa ya kung'arisha ngozi, binti anajifunza bila kufundishwa. Na dawa nyingine kati ya hizo zina zebaki, ambayo inaharibu figo.

Kulea kwa upole si kumwacha mtoto afanye anavyotaka. Ni kurekebisha kosa bila kumdharau mtoto. Akimwaga maji, mwambie: "Chukua kitambaa, upanguze." Usitukane weusi wake, si weusi uliomwaga maji. Katika Wakolosai 3:21, Paulo anawaonya wababa wasiwachokoze watoto mpaka wakate tamaa. Tusipande pia chuki. Mtoto asifundishwe kumdharau mzungu, Mchina, wala mtu wa kabila lingine.

Biblia inatusaidia. Katika Hesabu 12, Miriamu na Haruni walimsema Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, na Mungu aliwakasirikia. Katika Matendo 13:1, kati ya manabii na walimu wa kanisa la Antiokia kuna Simeoni aliyeitwa Nigeri, maana yake mweusi. Walimu wa watoto wasome habari hizi siku ya Mungu.

Wiki hii, kila mzazi achague neno moja la dharau linalosemwa nyumbani mwake, aliache. Kama limekwisha kumuumiza mtoto, amwombe msamaha. Mzazi hapotezi heshima kwa kuomba msamaha. Mtoto ataona kwamba yeye pia anastahili heshima, na atakapokutana na dharau huko nje, hataiamini.