KARATASI ZA SHAURI NI AMANA

Mtu anapopeleka shauri la madai mahakamani, yapo mambo mawili ayatakayo kwa wakati mmoja. Ataka mpinzani wake afungue sanduku na kutoa kila karatasi inayohusu ugomvi wao, na tena ataka sanduku lake mwenyewe lisichunguliwe na majirani. Matakwa hayo mawili huonekana kama yanapingana, lakini sheria imetafuta njia ya kuyatimiza yote. Watu wengi hawaijui njia hiyo. Kwa sababu ya kutoijua, wengine huacha kudai haki yao kwa kuogopa aibu, na wengine huingia taabuni kwa kutangaza mambo ya wenzao.

Shauri la madai ni lile ambalo mtu humdai mwenziwe, au kampuni, au chama, au Serikali yenyewe, kwa ajili ya deni, ardhi, mkataba, urithi, au hasara aliyoipata. Maelezo yafuatayo yahusu mashauri ya namna hiyo tu, wala si mashauri ya jinai.

KWA NINI HATI HUONYESHWA

Shauri halikusudiwi kuwa mchezo wa kuviziana. Kwa Kanuni za Mashauri ya Madai za Kenya za mwaka 2010, mdai hana budi kuambatisha na madai yake orodha ya mashahidi, maneno yao yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, na nakala za hati atakazozitegemea. Mdaiwa naye hutakiwa kufanya vivyo hivyo anapojibu. Juu ya hayo, mahakama ina uwezo wa kumwamuru mtu atoe hati nyingine zilizo mikononi mwake, hata kama hati hizo zitamdhuru yeye mwenyewe. Mwenye kuzificha au kuzichoma moto baada ya kuamriwa azitoe aweza kuadhibiwa, na aweza kulipoteza shauri lake kwa sababu hiyo tu.

Amri hiyo ina nguvu nyingi, na penye nguvu nyingi pana hatari. Mathalan, watu wawili wa Mombasa wametengeneza sabuni kwa ubia, kisha wamegombana juu ya faida. Mmoja amshitaki mwenziwe, na mahakama yaamuru daftari zitolewe. Katika daftari hizo mna hesabu ya mauzo, lakini pia mna majina ya wanunuzi, bei ya mafuta, na kipimo cha kila kitu kinachotiwa katika sabuni. Mdai anayo haki ya kuiona hesabu ili apate fungu lake. Lakini akikichukua kile kipimo na kufungua kiwanda chake upande wa pili wa barabara, mahakama itakuwa imefanywa jembe la kulimia shamba la mtu mwingine.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayeishitaki hospitali kwa matibabu mabaya. Faili lake halina budi kusomwa na mawakili na madaktari wa pande zote mbili. Mtu huyo hakukubali, kwa kupeleka madai yake, kwamba ugonjwa wake uwe mazungumzo ya sokoni.

AMANA ISIYOANDIKWA

Jibu la sheria lilitengenezwa zaidi katika mahakama za Uingereza, ambako Kenya ilipata utaratibu wake wa mashauri ya madai. Majaji wa huko waliamua kwamba kila apokeaye hati za mpinzani wake kwa amri ya mahakama huhesabiwa kuwa ameahidi jambo moja, hata kama hakulitamka wala kulitia sahihi: kwamba atazitumia hati hizo kwa ajili ya shauri lile tu. Ni kama mtu aliyewekewa mali ya mwenziwe. Anayo mkononi, lakini si yake.

Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la mfanyakazi aliyefukuzwa kazini. Aliishitaki kampuni yake, na katika shauri hilo alionyeshwa barua ya ndani ya ofisi iliyomtaja kwa ubaya. Shauri la kwanza lilipokwisha, alianzisha la pili, akidai kwamba barua ile ilimvunjia heshima. Majaji walikataa. Walisema kwamba barua aliipata kwa kuwa mpinzani wake alilazimishwa kuitoa, na watu wakijua kwamba hati wazitoazo zitageuzwa kuwa silaha mpya, hawatazitoa tena kwa uaminifu.

Shauri lililojulikana zaidi ni la Harriet Harman, wakili ambaye baadaye alikuwa mbunge na waziri. Alimtetea mfungwa aliyeishitaki Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza juu ya jinsi alivyowekwa katika sehemu maalum ya gereza la Wakefield. Wizara iliamriwa kutoa hati nyingi, na baadhi yake zilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote mahakamani. Baadaye Bi Harman alimruhusu mwandishi wa gazeti kuzitazama hati hizo zilizosomwa, na mwandishi huyo akaandika habari mwaka 1980. Mwaka 1982 majaji watano wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza waligawanyika: watatu walisema kwamba ameidharau mahakama kwa kuivunja amana, na wawili walisema kwamba jambo lililokwisha kusomwa hadharani si siri tena.

Fikira ya wale wawili ndiyo iliyoshinda mwishowe. Shauri lilipelekwa Strasbourg, kwenye chombo cha Ulaya cha haki za binadamu, likaisha kwa mapatano, na mwaka 1987 kanuni ya Uingereza ilibadilishwa. Huko amana hiyo sasa hukoma hati inaposomwa katika baraza la wazi, au mahakama inapotoa ruhusa, au mwenye hati anapokubali. Hata hivyo, jaji bado aweza kuamuru kwamba hati fulani isitumiwe ingawa imekwisha kusomwa.

Hukumu za Uingereza haziwalazimishi majaji wa Kenya, lakini mara nyingi huheshimiwa kama mwongozo. Tena Kenya ina sheria zake zinazoelekea upande huo huo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yamlinda mtu ili habari za jamaa yake na mambo yake ya faragha zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya, mali, ndoa na watoto kuwa habari za kutunzwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

YASIYOTOLEWA KABISA

Yako mambo ambayo mpinzani hana haki ya kuyaona tangu mwanzo. La kwanza ni maneno kati ya mtu na wakili wake. Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, yamkataza wakili kuyafichua bila idhini ya mteja wake, na katazo hilo laendelea hata baada ya kazi kwisha. Lawahusu pia mkalimani, karani na watumishi wa wakili. Lakini halimlindi mtu anayekwenda kwa wakili ili asaidiwe kufanya jambo lililo kinyume cha sheria.

La pili ni maneno ya suluhu. Mdaiwa akisema, "Nitalipa nusu ili tumalize ugomvi huu," kwa masharti kwamba maneno hayo yasipelekwe mbele ya jaji, hayatatumiwa kuthibitisha kwamba amekiri deni. Pasipo kinga hiyo, hakuna mtu ambaye angethubutu kuanza mapatano.

MAHAKAMA YAWEZA KUFANYA NINI

Mtu aliye na siri ya haki asiifiche hati, wala asikae kimya akingoja hasara. Yampasa kumwomba jaji, kabla ya kuitoa hati hiyo, aweke masharti. Masharti yatumiwayo mara kwa mara katika nchi zifuatazo utaratibu wa Uingereza ni haya:

Kwanza, sehemu za hati zisizohusu ugomvi hufunikwa kwa wino mweusi, na nyingine huachwa zisomeke.

Pili, hati huonyeshwa kwa watu waliotajwa tu, kama vile mawakili na bingwa mmoja wa hesabu au wa udaktari wa kila upande, nao huahidi kwa maandishi kutunza siri. Katika ule ugomvi wa sabuni, mkaguzi wa hesabu angeweza kuzisoma daftari zote na kumwambia mdai faida yake ni shilingi ngapi, bila ya kumwonyesha kipimo.

Tatu, katika hukumu majina ya watu, hasa watoto, huandikwa kwa herufi za mwanzo tu.

Nne, jaji aweza kusikiliza sehemu ya ushahidi mlango ukiwa umefungwa. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 50, yaruhusu jambo hilo pale tu inapolazimu, kwa mfano ili kuwalinda mashahidi au watu wanyonge.

Tano, shauri likiisha, nakala hurudishwa kwa mwenyewe au huharibiwa.

Jaji hatoi masharti haya kwa kuwa mtu ameona haya tu. Mwombaji hana budi kueleza ni siri gani, itamdhuru nani ikitoka, na kwa nini kinga ndogo zaidi haitoshi.

SIRI ISIWE PANGO LA KUJIFICHIA

Yafaa kukumbuka pia upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishitaki Serikali ya Uingereza huko London kwa mateso waliyoyapata wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Shauri hilo lilipokuwa likiendelea, ilijulikana mwaka 2011 kwamba Serikali hiyo ilikuwa imeweka mahali paitwapo Hanslope Park mafaili kama 1,500 yaliyoondolewa Kenya wakati wa Uhuru. Mafaili hayo yalitoa ushahidi uliokuwa umefichwa kwa muda wa karibu miaka hamsini. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imekubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kama kila hati yenye neno "siri" ingaliachwa kabatini, wazee hao wasingalisikilizwa kama walivyosikilizwa.

Lakini kuitafuta hati hakumpi mtu ruhusa ya kuiiba. Mwaka 2017, katika shauri la kupinga uchaguzi wa Rais wa mwezi wa Oktoba, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa barua za ndani za Tume ya Uchaguzi, kwa sababu walioleta barua hizo hawakuonyesha kwamba walizipata kwa njia ya halali. Mahakama ilikumbusha kwamba mwananchi anayo haki ya kuomba habari, na kwamba iko njia ya kuiomba.

MASHAURI KWA WASOMAJI

Mwenye shauri mahakamani azitenge hati za mpinzani wake na karatasi zake nyingine, na ajue nakala ziko kwa nani. Asizipige picha kwa simu na kuwapelekea ndugu na marafiki, maana picha moja ikitumwa usiku, asubuhi imekwisha kufika asikokujua. Asizipeleke kwa mwandishi wa gazeti, wala kwa mwajiri wa mpinzani wake, wala kwa mkutano wa ukoo, bila ya kumwuliza wakili wake kwanza. Akiona katika hati hizo jambo kubwa linalopasa kufika kwingine, aiombe mahakama ruhusa.

Na mwenye siri asiache kudai haki yake kwa hofu. Amwambie wakili wake mapema, kabla ya karatasi ya kwanza kutolewa, ni jambo gani analoliogopa. Jaji aweza kuilinda siri ingali ndani ya bahasha. Ikiisha kuenea mjini, hakuna amri ya mahakama iwezayo kuirudisha.