KIUNGO KISICHOFUNGUA FAILI

Mtumishi anapobofya kiungo cha faili ndani ya kivinjari na kisifunguke chochote, aghalabu hudhania kuwa kompyuta imeharibika au mtandao umekatika. Mara nyingi si hivyo. Kivinjari kimekataa kwa makusudi.

Na uchukuliwe mfano wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya jirani za Mkoa wa Lindi ambazo, pamoja na Liwale, zimekipa jina chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Tuseme karani aliyeko Nachingwea ameandaa orodha ya wakulima wa korosho kwa Excel, akaihifadhi katika diski ya kompyuta yake, kisha akampelekea mwenzake wa Ruangwa kiungo kinachoanza na file:///C:/. Maneno hayo hayaitaji Nachingwea hata kidogo. Yanataja diski C ya yeyote akisomaye. Ni sawa na kuandika katika dokezo kwamba jalada liko rafu ya pili bila kusema ni masjala ipi: kila mmoja ataangalia rafu yake, na wa Ruangwa hatalikuta.

Hata kama faili ingekuwapo, kivinjari kisingeifungua kutoka katika ukurasa wa intaneti. Anwani za aina hii ziliainishwa katika waraka RFC 1738 wa Desemba 1994. Baadaye watengenezaji wa vivinjari waliona hatari yake. Katika Windows, kiungo kinachoelekeza kwenye seva ya mgeni chaweza kuifanya kompyuta ijitambulishe huko, ikatoa jina la mtumiaji pamoja na nywila yake iliyofumbwa, ambayo mjuzi aweza kuifumbua.

Njia ifaayo ni kuiweka orodha katika seva inayofikiwa na pande zote mbili, kisha kuandika kiungo kinachoita programu yenyewe. Kama vile mailto: huita programu ya barua, ms-excel: huita Excel. Ikifuatiwa na ofe|u| na anwani ya faili, Excel hufungua kwa kuhariri. Ofv|u| hufungua kwa kusoma tu. Kivinjari kwanza humwuliza mtumiaji kama anaridhia, na swali hilo lisipuuzwe. Mwezi Mei 2022 ilibainika kuwa nyaraka za Word zilizotegwa ziliweza kuita programu ya Windows kwa njia ya ms-msdt: na kuendesha amri za mhalifu. Microsoft iliziba pengo hilo Juni mwaka huo huo.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kupakua faili na kuifungua kwa mkono. Kwa kusoma, hakuna ubaya. Kwa kusahihisha, madhara ni makubwa: aliyepakua amepata nakala tu, na marekebisho yake hayarudi kwenye seva. Kilo za mkulima zikisahihishwa Ruangwa katika nakala, na malipo yakaandaliwa Nachingwea kwa orodha ya zamani, atakayepunjwa ni mkulima.

Seva hiyo sharti idai jina na nywila kabla ya kutoa faili, kwa kuwa majina na namba za akaunti za wananchi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.