Je, Wajua? Haki ya Mgonjwa wa Akili Aliyezuiliwa Hospitalini

Je, wajua kwamba huko Uingereza na Wales, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgonjwa wa akili aliyezuiliwa hospitalini kwa amri ya mahakama yenye masharti maalumu, hata baraza la rufaa lilipomwona ametengemaa, hakuachiwa ila kwa idhini ya Waziri wa Mambo ya Ndani, maana baraza lenyewe lilikuwa na uwezo wa kutoa shauri tu? Dhuluma hiyo ilibainishwa tarehe 5 Novemba 1981, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, ilipokata hukumu kwamba mgonjwa wa namna hiyo astahiki kusikilizwa mara kwa mara na mahakama yenye mamlaka ya kumfungulia. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 ikalipa baraza mamlaka hayo. Tena ikawafaradhia wakuu wa hospitali kumfahamisha mgonjwa, kwa mdomo na kwa maandishi, amezuiliwa kwa kifungu gani na rufaa yake aipeleke wapi. Faradhi hii naiona kuwa adhimu kupita zote, kwani aliyetaabika akilini, mbali na jamaa zake, atadai vipi asichokijua? Na wakili wa kumtetea mbele ya baraza hulipiwa na serikali, mgonjwa awe tajiri au fukara.