Kansa Haingoji Kisu Ndipo Isambae

Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna imani utakayoikuta sokoni, kanisani na hata kwenye mabenchi ya hospitali: kansa ya titi ikiguswa na kisu, inaamka na kutawanyika. Nimeisikia kwa akina mama, kwa waume zao, hata kwa watu wenye shahada. Imenisumbua kwa sababu haikosi mantiki. Mama amechukuliwa kipande cha nyama, miezi michache baadaye amezikwa. Majirani wanaunganisha mambo hayo mawili, na nani atawalaumu? Nikaanza kujiuliza ni kitu gani hasa kinachozishikisha seli za titi pamoja, na ni kitu gani kinachozifanya ziachane.

Swali hilo nilimpelekea daktari mmoja wa upasuaji mjini Butembo, mama anayekutana na matiti yenye kansa katika kazi yake ya kawaida. Hakunijibu kwa mdomo kwanza. Alifungua kompyuta akanionyesha picha mbili alizozitunza tangu masomoni, zote zimepigwa kupitia darubini.

Ya kwanza ni nyama ya titi kutoka kwenye mfereji wa maziwa, imetiwa rangi maalumu. Viini vya seli ni vya buluu. Kila seli imezungukwa na mstari mwembamba wa kahawia, na mistari hiyo inaungana hadi picha nzima inakuwa wavu. Ule ukahawia, anaeleza, ni mahali ilipo E-kadherini, protini iliyopenya utando wa seli: upande mmoja uko nje, mwingine ndani. Sehemu za nje za seli jirani hukamatana. Mkia wa ndani umefungwa kwenye kiunzi cha seli yenyewe, hivyo seli mbili zikishikana, viunzi vyao navyo vimefungwa pamoja. Mshiko huo unahitaji kalsiamu. Ikiondolewa, seli zinaachiana. Mjapani Masatoshi Takeichi alianza kuifuatilia siri hiyo ya kalsiamu miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 protini zenyewe zikapata jina la kadherini.

Picha ya pili ndiyo iliyonikamata. Kahawia imetoweka. Zimebaki seli ndogo za buluu zinazopenya katikati ya nyuzi za titi moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaorudi shambani kwa kijia chembamba cha mlimani. Hakuna rundo, hakuna kundi. Unafuata mstari mmoja kwa macho hadi ukingo wa picha, unarudi, unakuta mwingine unapita kandokando yake. Daktari aliusogeza mshale wa kompyuta polepole juu ya seli hizo, akawa kama anazihesabu. Hii, anasema, ni kansa ya lobula, yaani ya vitezi vya maziwa, aina ambayo duniani hufikia 10 hadi 15 katika kila kansa 100 za titi. Ndani yake jeni inayotengeneza E-kadherini, iitwayo CDH1, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, mara nyingi imeharibika. Watafiti wa Ulaya walilionyesha hilo mwaka 1995.

Ukiitazama picha hiyo peke yake, unaweza kudhani imani ya mtaani imepata ushahidi: mshiko umekatika, seli zimeondoka, basi kisu nacho kikikata mshiko kitazimwaga mwilini. Daktari anakataa, na hapa sauti yake inapanda. Seli ya kawaida iking'oka kwenye tishu inayoishikilia na kutengwa na wenzake, anasema, kwa desturi hufa. Mwili umeipa amri hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1994 wanasayansi wakakipa kifo hicho jina la anoikisi. Kuachana na jirani ni hatari kwa seli, hata iwe ya kansa.

Ushahidi anaoutegemea ni wa karibuni. Mwaka 2019 kikundi cha Andrew Ewald katika chuo cha Johns Hopkins, Marekani, kiliondoa E-kadherini kwenye seli za kansa ya titi ya aina iliyo ya kawaida zaidi, ile ya mifereji ya maziwa. Seli zilipenya zaidi katika nyama iliyo karibu, kama ilivyotazamiwa. Lakini nyingi zilikufa njiani, na katika panya uvimbe mpya sehemu za mbali ukawa mchache. Miaka mitano kabla, watafiti wa Boston walikuwa wamechunguza seli za kansa zinazosafiri katika damu. Nyingi husafiri peke yake; chache husafiri zimeshikana katika vikundi. Vikundi hivyo vilikuwa na uwezo wa kuanzisha kansa mpya mara 23 hadi 50 zaidi ya seli pweke. Kinachozishika nyumbani ndicho kinachozilinda safarini.

Ndiyo maana anawaambia wagonjwa wake kwamba sindano ya biopsi, ile inayochukua kipande cha titi kikapimwe, inaweza kusukuma seli chache, ila nyingi kati ya hizo hufa, na tafiti hazijaonyesha kwamba wanawake waliopimwa hivyo huishi muda mfupi zaidi. Kansa huingia kwenye limfu na damu kwa nguvu zake, na safari hiyo inaweza kuanza kabla mkono haujakuta kitu. Mama anayekimbia sindano anaipa kansa muda.

Daktari hawadharau wanaoogopa. Huku neno sampuli, yaani kitu kinachochukuliwa mwilini kupimwa, lina historia ya hofu. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020 iliwapata watu 3,470 na kuua 2,287. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Anayeshika sindano leo, anasema, lazima kwanza aeleze anachukua nini, kinapelekwa wapi na jibu litarudi lini. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka jibu hilo lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike. Siku 60, katika nchi ambayo damu ya mauaji imemwagika Beni tangu 2014, na ambapo wenye uwezo huvuka mpaka wa Kasindi kutafuta matibabu Kampala, Uganda!

Niliuliza pia lile ambalo picha ya pili inaliacha wazi. Ikiwa seli pweke hufa, hizi za lobula zisizoshikana zinaishije? Na kwa nini hupenda kwenda kwenye mifupa, ovari, tumbo na utando wake? Daktari anasema zimejifunza kuikwepa ile amri ya kifo, lakini jibu hilo halimtoshelezi, na mimi pia.

Analojua hakika ni la kazi ya kesho asubuhi. Matangazo ya Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu kansa ya titi, huwaambia akina mama watafute uvimbe. Angependa yawaambie watafute badiliko lolote: sehemu iliyokuwa laini ikawa ngumu, ngozi iliyovutwa ndani, chuchu iliyogeuka, titi moja lililobadilika umbo. Seli zisizoshikana hazijengi donge kwa urahisi, na hata picha ya mamografia inaweza kuzikosa. Mama mwenye kansa hiyo anaweza kujipapasa kila mwezi kwa uaminifu, akitafuta donge aliloambiwa atafute, na asilikute.